Bodi la Gari Ghalani kwa Sefu

Ghala la marehemu Sefu lilipofunguliwa baada ya arobaini, nyuma ya magunia ya pamba lilikutwa bodi la gari la zamani. Halikuwa na injini wala magurudumu, na rangi yake ilikuwa imekwanguliwa mpaka bati. Mafundi walishindwa kulitambua, wakamwita Bi Hidaya, kwa kuwa mumewe, Mbaruku, aliwahi kuendesha teksi. Sefu ndiye aliyemletea habari, zamani hizo, kwamba Mbaruku amevuka mpaka na teksi yake, na mwanamke mwingine ubavuni.

Bi Hidaya alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa hirizi.

"Mama, gari gani la zamani lisilo na hirizi?" fundi mmoja alimtania.

"Hii niliishona mwenyewe, kwa pindo la kanga yangu ya harusi."

Kicheko kilikatika.

"Kila nikiomba dua nimemlaani," alisema polepole. "Kumbe nilitakiwa kukaa eda."

Akawaomba walisogeze lile bodi. Walilisukuma kwa mabega, likaenda likikwaruza sakafu. Pale lilipokuwa, saruji ilikuwa na rangi nyingine, kwa urefu wa mtu aliyelala.