Kitanda Kilichojiinua

Kitanda kiliinuka tena chenyewe, mchana kweupe, ukungu ukiwa umeziba madirisha ya wodi.

Kilianza kwa kunguruma chini chini. Kisha upande wa kichwa ukapanda, polepole, ukampandisha Hezekia mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mkewe. Yunis aliangusha bakuli la uji.

"Mimi nilisema!" mhudumu alipiga kelele toka mlangoni. "Yule mzee aliyefia humo hajaondoka!" Akakimbia, ndoo akaiacha.

Tangu Hezekia aanguke kwenye mkutano wa kijiji, ngumi ikiwa hewani, akiwafokea waliochelewa shamba la ujamaa, hakuwa ametamka neno wala hakuna aliyemwona akisogeza kiungo. Alikuwa macho tu. Daktari alisema wazi: ikionekana alama yoyote ya uhai mwilini, hata ndogo, gari litamteremsha mpaka Moshi kwenye hospitali kubwa, na huko wapo waliofika wakiwa gogo wakarudi wanatembea. Isipoonekana mpaka mwezi uishe, atarudishwa nyumbani Lukozi vile vile alivyo.

"Mtazame sana, mwanangu," Sista Marta alimwagiza Yunis. "Mimi nina wodi nzima. Wewe unaye huyu mmoja."

Na kweli Yunis alimtazama. Alikaa kwenye kigoda upande wa miguu, usingizi wake wa kuibia ibia, akishtuka kila chuma kilipolia. Wagonjwa wengine walimsifu. Mke ndiye yule, walisema, si hawa wetu wanaoleta viazi Jumapili wakaaga.

Kitanda chenyewe kilikuwa msaada wa Ulaya, kina mota tumboni. Kilikuja na kisanduku cha vitufe kinachoning'inia kwa waya, vitufe tele, kila kimoja na kipicha chake ambacho hata daktari alikigeuza geuza asikielewe. Ukitaka kichwa, inapanda miguu. Ukitaka miguu, kinasimama chote, matako kwanza, kama ng'ombe. Ndipo akaitwa Hamisi, fundi wa mashine ya mbao ya kijiji. Alikitupa kisanduku, akafunga vitufe viwili tu, vikubwa kama vifungo vya koti, kwenye ubao ulio kando ya godoro upande wa ukutani. Kimoja kupanda, kimoja kushuka. "Hata asiyejua kusoma," alijisifu.

Wiki ile ile kitanda kikaanza kujiinua.

Mwinjilisti alikuja akakiombea. Mama yake Hezekia naye alipanda na gari la mboga, akaketi, akasikia habari, akacheka mpaka machozi.

"Roho ya mwanangu hiyo, imechoka kulala! Mnamjua nyie? Hezekia akiinuka kitini, nyumba nzima kimya. Hata kuku! Si ndiyo, Yunis?"

"Ndiyo, mama."

Sista Marta alikuwa akimwangalia Yunis akiosha bakuli. "Huo mkono mbona haunyooki?"

"Niliteleza na kuni, Sista. Zamani."

Kesho yake Hamisi akarudi na mfuko wake wa vifaa. Alimwamkia mama yake Hezekia shikamoo, akaingia chini ya kitanda, akatoka na vumbi usoni.

"Nyaya nzima. Mota nzima. Labda ukungu umeingia kwenye vitufe."

"Au yule mzee," mhudumu alisema akiwa mbali.

"Mzee yule alikuwa anazima taa kwa kuipuliza," Hamisi alimjibu. "Ataijulia wapi mota?"

Wodi ikacheka. Yunis hakucheka. Alichuchumaa karibu na fundi, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Hamisi, kifanye rahisi zaidi."

"Rahisi kuliko vitufe viwili? Unataka tukipigie mluzi?"

"Weka kimoja tu. Kiweke huku miguuni, nilipo mimi."

"Huku hatakifikia, dada. Siku akipata nguvu je, asijiinue mwenyewe?"

"Anayemwinua ni mimi."

Hamisi alimtazama, mwanamke wa watu, macho mekundu kwa kukesha, akaona haya kubishana naye. Akavifungua vile viwili, ubao ukabaki mtupu. Miguuni akafunga mkono mmoja wa chuma: ukiuvuta kinapanda, ukiusukuma kinashuka. Yunis aliujaribu mara kadhaa, akauachia, akamshukuru.

Toka siku hiyo kitanda kikatulia. Mwinjilisti akasema maombi yamejibiwa. Mhudumu akaanza kupiga deki mpaka uvunguni, akiimba. Macho ya Hezekia tu ndiyo hayakutulia. Yalimfuata Yunis akienda kuchota maji, yalimpokea akirudi.

Mwezi ukaisha. Asubuhi hiyo Sista Marta alisimama kando ya kitanda, na nyuma yake mama mtu akiwa amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Leo ndiyo leo, mwanangu. Gari la Moshi linangoja neno letu tu. Wewe ndiye uliyekaa naye. Hujaona alama yoyote?"

Yunis aliinuka kwenye kigoda. Akazunguka kitanda, akapita upande wa ukutani, ambako hakuna aliyependa kujibana, akainama kama anayetengeneza matandiko. Pale kwenye ubao mtupu, kidole cha mumewe kilikuwa kinabonyeza. Kinaachia. Kinabonyeza tena.

Akalivuta blanketi juu yake, akalichomeka chini ya godoro, akalikaza.

"Hakuna, Sista," alisema.