Kengele ya Kumwita Rajabu Mezani

Siku hizi kihariri cha msimbo, chombo cha kuandikia programu za kompyuta, hakihifadhi programu isiyo na mahali pa kulipia. Rajabu alipotengeneza kengele ya kumwita mezani, inayolia ndani ya hedifoni zake, kihariri kiliingiza malipo chenyewe. Naye, kama mafundi wenzake wote, akabonyeza "Kubali" bila kusoma.

Basi Tunu, mkewe, akawa anapika, anapakua, kisha analipa kwa simu ili bwana mkubwa asikie kengele, aje ale.

"Si shilingi kumi tu, Mama Nasra? Na zinabaki humu humu ndani."

"Hata mbuzi wa jirani huitwa bure," Tunu alimjibu. "Tena huja mbio."

Leo aliichoka kengele, akampelekea sahani hapo hapo alipokaa mbele ya kompyuta. Kwenye skrini kihariri kilikuwa kinauliza: "Kuna sauti ya mtoto inayokuita bure kila siku. Tuiwekee malipo?"

"Rajabu, hebu soma kwanza hicho!"

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Chumbani Nasra akaita, "Baba!" Rajabu hakugeuka. Simu ikatetemeka kwenye pindo la khanga ya Tunu, ikidai shilingi kumi za wito wa Nasra.