Risasi Mia Moja na Kumi na Mbili

Mfuko wa marisau, vile vipunje vya kujazia risasi, ulikuwa bado umeshonwa mdomo, haujaguswa, lakini risasi zilikuwa zimeshajaa kreti, zimefungwa vichwa, nyekundu zote.

Virgil aliliona hilo alipoingia tu kwenye kibanda cha Denzil, akalisahau papo hapo. Kilichomshtua ni shati. Ijumaa, saa nane mchana, na Denzil amevaa shati jeupe la kanisani, ndevu kanyoa.

"Unaoa, mzee?"

"Funga mlango, Virgil. Upepo."

Virgil akafunga. Miaka ishirini na mbili walichimba makaa ya mawe pamoja chini ya mlima ule, na miaka yote hiyo Jumamosi zao ziliishia kibandani humu: kusafisha maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kuyatia fataki mpya, kupima baruti punje kwa punje, kubishana bunduki ya nani inafika mbali. Oleta, mke wa Denzil, aliwaletea maharage na mkate wa mahindi, akiwacheka kwamba ni wazee wazima wanaopika wasichokula.

Sasa Oleta alikuwa na miezi mitatu tangu afe. Figo. Kampuni ilipojaza bwawa lake la tope la makaa juu ya bonde, maji ya visima yakaanza kutoka meusi. Wakubwa walikuja na vichupa, wakapima, wakatangaza maji ni salama, wakaondoka wakinywa ya kwao waliyokuja nayo. Oleta alifia hospitali ya mjini. Denzil akarudi peke yake, na watu wa kanisa walipokwenda kumuuliza amemzika wapi, aliwafungia mlango.

"Ngapi hizo?" Virgil aliuliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Mbona si mia?"

"Ndivyo ilivyotoka."

"Msimu wa bata mzinga bado, Denzil."

"Siendi kuwinda. Kesho asubuhi napanda mpaka kwenye ua wao."

Hakuhitaji kusema wa nani. Bonde lile lilikuwa na ua mmoja tu wa maana, ule wa kampuni.

"Makaburi ya kina Oleta yote yako ndani mle," Denzil alisema. "Mama yake. Bibi yake. Nimekwenda ofisini mara nne, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja dirisha. Prather ananiambia kuna fomu. Najaza. Ananiambia kuna fomu nyingine. Basi. Nimechoka kuomba."

Prather ndiye aliyekuwa mkuu wa mgodi. Kila Jumamosi, saa moja asubuhi, gari lake jeupe lilisimama kwenye lango la ua ule.

"Ndugu yangu," Virgil alisema. "Na ukishamaliza?"

"Waje wanikamate wakitaka. Mimi nitakuwa sina deni na mtu."

"Oleta angesema nini?"

Denzil akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba. "Oleta ndiye aliyeniomba."

Virgil akamtazama rafiki yake akiifuta risasi moja kwa kitambaa, taratibu, kama anamfuta mgonjwa jasho.

"Nakutilia kahawa," Denzil alisema akiinuka kwenda jikoni nyumbani. "Usiguse kitu humu."

Virgil alibaki na kreti. Amwite sherifu, yule mkuu wa polisi? Sherifu alikula Krismasi mezani kwa Prather. Wangekuja sita na bunduki, na Denzil angetolewa kafunikwa shuka. Akinyang'anywa hizi angeweza kutengeneza nyingine, ndiyo, lakini siyo kufikia kesho.

Akalibeba kreti. Lilikuwa jepesi kuliko alivyotegemea. Hata kupima kasahau, masikini, alijisemea. Alipowasha pikapu alisikia jina lake likiitwa kutoka jikoni. Hakugeuka.

Mtoni maji hayakufika goti, mtu angeziona. Kwa hiyo alipanda barabara ya nyuma mpaka kwenye bwawa la kampuni, akapita kwenye tundu la uzio wa waya wanamopita kulungu, akalizungushia kreti minyororo ya kufungia matairi wakati wa theluji, akalisukuma kutoka ukingoni. Tope jeusi likalimeza bila hata kutoa povu. Virgil akalia, kisha akajisikia mwepesi. Angalau mmoja wao kampuni hii haitampata.

Aliporudi kibandani alimkuta Denzil kapiga magoti chini ya meza ya kazi, shati jeupe lote vumbi.

"Nimezitupa," Virgil alisema akiwa bado mlangoni. "Nitukane, nipige, nichukie mpaka tufe. Lakini sitakuacha ufungwe maisha kwa ajili ya Prather."

Denzil alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mbali.

"Prather? Prather kaingiaje?" Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nifyatue juu ya ua tu. Ziangukie makaburini. Umezitupa wapi?"

"Bwawani."

"Bwawa gani?"

Bondeni lilikuwapo bwawa moja tu, na wote wawili walilijua.

Denzil akasimama, akishika meza. Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la bati lenye karatasi ya tanuri la kuchomea maiti la mjini, akalipindua na kuligonga kitako kwa kiganja, mara mbili. Vumbi la kijivu, halijai kijiko, likaanguka mezani. Akalizingira haraka kwa mikono yote miwili.

"Funga mlango, Virgil," alisema. "Oleta amebaki huyu tu."