Mduara wa Daktari

Nyumba ya Bi Saumu, fundi wa kupaka hina, ilijaa wanawake wa harusi tangu asubuhi. Wifi yake Mwanamvua, kwa mapenzi tu, akawa anamsugua mkono wa kushoto kwa liwa ya kung'arisha ngozi. Akaona mduara wa kalamu, akaukazania mpaka ukatoka.

“Wifi! Umenifanya nini?”

“Nimekutoa uchafu. Ulitaka ukae na wino kama mtoto wa chekechea?”

Kumbe mduara ule daktari aliuchora kuuzunguka uvimbe, siku Bi Saumu alipochomwa sindano ya kwanza ya dawa ya majaribio. Saratani yake ya ngozi ni ya nadra, tena ina mbio. Dawa nyingine hana. Kesho daktari angetazama: uvimbe ukiwa umevuka mstari, sindano zingekoma.

Bi Saumu akawaeleza hayo yote.

“Si uchore mwenyewe?” Mwanamvua akasema, machozi yakimlenga. “Mkono wako nani asiyeujua?”

“Na uchore kwa nafasi, shoga, usijibanie,” mwingine akadakia. Wakacheka, kisha wakaacha.

Bi Saumu akaomba kalamu. Miaka thelathini amehamisha maua ya mkono mmoja wa bibi harusi kwenda wa pili bila kutazama mara mbili. Mstari wa daktari aliukumbuka ulipopita. Ulipita pale ambapo sasa uvimbe umekaa.

Akaweka ncha nje ya uvimbe, akaiinua bila kuacha alama. Akairudisha ndani, akaiinua tena. Mwanamvua akaja kumshikia mkono, wala hakumuuliza mstari upite wapi.