Bangili ya Bi Kalunde

Tangu moto umchukue binti yake, Bi Kalunde hakuacha kugusagusa swichi ya jiko, hata jiko likiwa limepoa. Lakini sheria ilisema mlezi asiyefikiri kwanza hafai kukaa na mtoto. Bangili aliyovalishwa ilimpima: mkono ukienda kabla ya sekunde mbili za kufikiri, iliwaka nyekundu. Ikiwaka mara tatu siku ya ukaguzi, mtoto anachukuliwa.

Asubuhi hiyo ya ukaguzi, bangili ilikuwa imekwisha kuwaka mara mbili.

“Imebaki moja tu, mama,” alisema Masele, mkaguzi, akipuliza chai. “Jikaze kidogo.”

Bi Kalunde akaikalia mikono yake. Hapo mjukuu wake, Nyanzobe, akajinyoosha kuvuta sufuria ya uji uliokuwa ukitokota.

Moja, bibi akahesabu. Mbili.

Ndipo akamrukia. Uji ulikwisha kumwagika, na tone kubwa lilikuwa limemwangukia mtoto mguuni. Bangili haikuwaka.

“Safi kabisa!” Masele akasema, akigonga muhuri. “Mtoto ni wako.”

Nyanzobe alilia mpaka kwikwi ikamshika, mguu wake ukiwa ndani ya beseni la maji.

“Bibi,” akauliza, “mbona ulikuwa unaniangalia tu?”