Kitabu cha Bibi

Alikuwa akipekua tasnifu yake kwa mara ya mwisho, nje ya chumba cha kutahiniwa, alipoliona jina la bibi yake katika orodha ya marejeo.

Hakuwa mtu mwingine aliyefanana naye jina. Alikuwa bibi yake mzaa mama, aliyezikwa kabla yeye hajaingia chuo kikuu, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika kalamu. Sasa alikuwa ameandika kitabu. Kilikuwa na mwaka, kilikuwa na mchapishaji, na kichwa chake kilipigwa kwa herufi za mlazo kama vitabu vya wenye majina yao.

Hapo akakumbuka kilichotokea.

Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa masomo ya udaktari. Utafiti wake ulihusu foleni za maji kwenye mabomba ya mtaani, na alikuwa na sentensi moja aliyoipenda: kwamba ndoo inaweza kushika foleni badala ya mwenyewe, na hakuna atakayethubutu kuisogeza. Alijua ni kweli kwa sababu bibi alimwambia tangu utotoni, tena kwa ukali. Lakini tasnifu haiandikwi kwa "bibi kasema". Programu ya kutunza marejeo ilikuwa wazi mbele yake, ikidai mwandishi, mwaka na kitabu. Akajaza jina la bibi, akabuni kichwa, "Adabu ya Foleni", akajiambia kesho atatafuta chanzo cha kweli.

Kesho hiyo haikufika. Programu nayo haina habari ya kweli wala uongo, inapanga tu ilichopewa. Kila alipobonyeza kitufe ilimkalisha bibi katikati ya maprofesa, kwa alfabeti, nukta na mkato mahali pake, na hakuna aliyegutuka.

Alimvuta msimamizi wake pembeni ya korido, akamweleza kwa kunong'ona. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umefanya nini wewe?"

"Nilisahau, Profesa. Nataka niwaambie kabla hawajaanza."

"Ukiwaambia umejimaliza. Hicho wanakiita udanganyifu, na mimi nimetia sahihi yangu hapo." Alitazama mlango. "Nyamaza. Huenda mtahini wa nje asifike huko."

"Huyu? Asifike?"

Msimamizi alimfungulia mlango.

Mtahini kutoka nje aliitwa Wembe. Wanafunzi walisimulia kwamba aliwahi kumwangusha mtu kwa sababu ya nukta. Walisema hakuna kitabu katika fani yao asichokisoma, wala mwandishi asiyemjua. Siku nyingine angewaona wanatia chumvi, lakini siku hiyo aliamini kila neno.

Ndani, mama yake alikuwa amekaa safu ya nyuma, katika gauni aliloshonesha kwa ajili ya siku hiyo, akijipepea kwa karatasi ya ratiba. Nyumbani walikwishaanza kumwita mwanawe Daktari, hata anapotumwa dukani. Mama alimpungia mkono kidogo, kama anayeogopa kufukuzwa.

Wembe alikaa katikati ya jopo. Nakala yake ya tasnifu ilikuwa mpya kabisa, haina hata kona moja iliyokunjika. Mtu msafi kweli. Vikaratasi vya rangi alivyobandika kuwekea alama vilichomoza kwenye kurasa za mwisho tu, zile za marejeo. Mtahiniwa aliviona, akaanza kuvihesabu.

"Umemtumia huyu bwana wa migogoro ya ardhi," Wembe alianza. "Namfahamu. Tuliwahi kubishana naye uso kwa uso." Akafunua penye kikaratasi kingine. "Na huyu dada wa takwimu. Alinitumia mswada wake kabla haujachapwa. Nilimrekebishia mambo mengi."

Kila jina lilikuwa na kisa chake. Huyu alimkaribisha kwake, yule alimwandikia kuomba ushauri. Wembe aliwajua wote mpaka tabia zao, na wajumbe wenzake walitikisa vichwa kwa heshima. Kuhusu ndoo na mabomba hakuuliza lolote. Alishuka na orodha yake jina kwa jina, bila haraka, na kila jina lilimsogeza karibu na bibi.

Mtahiniwa akakata shauri. Haukuwa ushujaa. Aliona haya tu kumwacha bibi akamatwe peke yake mbele ya wageni.

"Profesa, samahani. Kabla hujaendelea, kuna chanzo kimoja naomba nikiri kwamba..."

Wembe aliinua kidole. "Subiri. Nimefika kwenye kile nilichokiwekea alama mbili."

Msimamizi aliinamisha uso. Wembe akalisoma jina la bibi, lote, taratibu, na nyuma ya chumba mama akaacha kujipepea.

"'Adabu ya Foleni'," Wembe alisema, kisha akaifunga tasnifu na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Vijana wengi wanakiruka hiki. Mwaka jana nilikula naye meza moja kwenye kongamano. Mama mkali, hataki mzaha. Mwezi ujao tunakutana tena, nitamfikishia salamu zako."