Taswira Sebuleni

Sheria ilimruhusu mfungwa anayeendesha mwenyewe kesi ya madai kukaa, kwa taswira ya mwanga inayoona na kusema, nyumbani kwa mdaiwa mpaka hukumu itolewe. Sikitu, aliyefungwa kwa ushahidi wa uongo wa mumewe Shekalaghe, akamshtaki akidai nyumba. Mwili wake ukiwa gerezani, taswira yake iliketi sebuleni, ikimkodolea mumewe macho kila alipomega tonge. Shekalaghe akakonda, mke mpya akafungasha akaondoka. Sikitu alichekelea moyoni.

Siku ya hukumu Shekalaghe alilia: "Nyumba chukua, mama Mkunde. Niondokee tu."

"Umeridhika?" hakimu, naye kwa taswira pale sebuleni, alimuuliza Sikitu.

Nyuma ya pazia la sebule, binti yao alikuwa amejificha.

"Mama, nenda," Mkunde alinong'ona. "Nakuogopa."

Sikitu aliunyoosha mkono wa taswira kuelekea pazia; hukumu ikitolewa, asingemwona tena bintiye. Kisha akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, naomba kesi iahirishwe."